Harufu Tuliyoizoea

Mwaka 1994 nilipofika Keko, Dar es Salaam, kujifunza useremala, kilichonipokea kwanza ni harufu. Kabla hujaona vitanda na makabati yaliyopangwa kando ya barabara, ulikuwa umeshaivuta thina puani. Wiki ya kwanza iliniumiza kichwa. Wiki ya tatu sikuisikia tena. Fundi wangu aliniambia hapo ndipo nilipoanza kuwa fundi, nami nikaona fahari.

Karakana yetu ilikuwa banda la mabati lenye sakafu ya udongo, na maranda yalijaa hadi kwenye vifundo vya miguu. Thina ilikaa kwenye dumu la plastiki la lita 20 lililokuwa la mafuta ya kula. Tuliimimina kwenye beseni, tukaichanganya na vanishi, tukachovya matambara na kupaka. Jioni tulinawa mikono kwa thina hiyohiyo, kwa sababu sabuni haikuweza kuondoa vanishi kwenye kucha. Aliyezidiwa na kizunguzungu alinunuliwa maziwa, nusu lita, ili yamtoe sumu. Niliyaamini maziwa yale kama nilivyoamini randa na patasi. Hakuna aliyetuambia kwamba mvuke huingia mapafuni, kisha kwenye damu, kisha kwenye ubongo, na kwamba maziwa yaliyo tumboni hayana njia ya kuufuata huko.

Tulilelewa na mafuta ya taa, na nadhani hilo ndilo lililotuponza. Kila mmoja wetu alisoma kwa kibatari na kupika kwa jiko la utambi. Mafuta ya taa yana subira: mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi ndipo hutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Yakimwagika sakafuni unafuta, unaendelea na kazi. Tuliiona thina kuwa ni mafuta ya taa yenye harufu kali zaidi. Sivyo. Thina ya vanishi ni mchanganyiko, na aghalabu ndani yake mna toluini na asetoni. Toluini hutoa mvuke wa kushika moto hata ikiwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, ubaridi wa ndani ya friji. Asetoni huwa tayari hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Sasa fikiria beseni lililo wazi Dar es Salaam, mwezi wa Februari, saa nane mchana, chini ya bati.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa na oda ya makochi ya harusi na mwenye mali alishakuja mara mbili kuulizia. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kazini, kwa hiyo kuwasha jiko la chai ilikuwa kazi yangu. Niliwasha mkaa nyuma ya banda, pale ardhi inapoteremkia mtaroni, hatua saba au nane kutoka alipokuwa mwenzangu akichanganya vanishi. Nilijiona mwangalifu, maana fundi alikuwa ametukataza kuweka jiko karibu na dumu, na hatua nane kwangu zilikuwa mbali.

Nilisikia mvumo, kama mtu anayekung'uta shuka. Nilichokiona sijakisahau: mwali wa buluu ulitoka kwenye jiko langu, ukapanda mteremko ukiwa umelala chini kabisa, ukaingia ndani ya banda na kufika kwenye beseni. Moto ulikimbia kuelekea kwenye thina. Siku zote nilidhani thina ndiyo hufuata moto.

Nilishika ndoo ya maji nikaimwaga kwenye beseni. Hilo ndilo ninalolirudia zaidi usiku, kuliko hata jiko. Toluini ni nyepesi kuliko maji na haichanganyiki nayo, kwa hiyo maji yalitawanya ile thina, nayo ikaelea juu yake ikiwaka hadi kwenye maranda na kwenye miguu ya mwenzangu. Mzee mmoja wa karakana jirani ndiye aliyekuja na karai la mchanga, kisha la pili, kisha la tatu. Mwenzangu alitolewa nje, na watu wenye huruma ya kweli wakampaka dawa ya meno kutoka magotini hadi nyayoni. Yale maji niliyoyamwaga mahali pabaya ndiyo aliyoyahitaji: maji safi ya baridi yakitiririka juu ya ngozi kwa dakika 20, bila kumpaka kitu. Alikaa hospitali miezi miwili. Alipotoka, ngozi ya nyuma ya magoti ilikuwa imejikunja na hakuweza tena kuchuchumaa. Alirudi kwao milimani. Hakunilaumu hata siku moja, wala mimi sikujua bado la kumwomba radhi. Tulisema ni ajali, tukasema ni kazi ya Mungu, tukanunua beseni jingine.

Ilikuwa 2007 nilipojua. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye kiwanda kikubwa cha samani, na siku moja tukaitwa kwenye mafunzo ya usalama. Mkufunzi alisimamisha mfereji wa bati ukiwa umeinama, akaweka mshumaa unaowaka kwenye ncha ya chini, akaweka tambara lililoloweshwa thina kwenye ncha ya juu. Akatuambia tusubiri. Hatukuona kitu kikisogea. Ghafla mwali ukatoka kwenye mshumaa, ukapanda mfereji, ukalidaka tambara. Akaeleza kwamba mvuke wa toluini ni mzito mara tatu ya hewa, kwamba haupai bali hutambaa sakafuni na kutafuta mabonde kama maji, na kwamba hewa ikichanganyika na sehemu moja tu na kidogo ya mvuke huo katika mia, tayari inaweza kuwaka. Sikusikia mengine. Niliinuka nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Miaka 13 nilikuwa nimebeba jiko lile bila kujua nimebeba nini.

Nilimtafuta mwenzangu baada ya hapo, nikamweleza mfereji na mshumaa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama wale vijana wa Keko nao wameonyeshwa.

Leo karakana ni ya mpwa wangu. Beseni halipo, kuna kompresa na bunduki ya kupulizia rangi, na kazi iliyokuwa ikituchukua siku tatu yeye huimaliza kabla ya adhuhuri. Tangu 2003 nchi ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Kwenye debe la thina linalotoka kiwandani kuna alama ya msambamba mwekundu wenye mwali ndani yake, alama inayosomeka kwa asiyejua kusoma. Haya ni maendeleo, nami nayashukuru.

Lakini bunduki ile huitoa thina ikiwa ukungu, na ukungu hujaza banda haraka kuliko beseni letu lilivyoweza. Mpwa wangu ameweka feni ya kawaida ya mezani kupunguza harufu, na swichi yake inaweza kurusha cheche. Mdomoni amevaa barakoa ya kitambaa iliyobaki tangu enzi za korona. Hiyo huzuia vumbi, mvuke inaupitisha. Kinachozuia mvuke ni kile kifuniko chenye vichujio vya mkaa maalumu, ambacho bei yake ni ndogo kuliko ya kochi moja. Na lile debe lenye alama hakulinunua yeye. Dukani hupimiwa lita moja moja kwenye chupa ya maji ya kunywa, isiyo na alama yoyote, rangi yake sawa na maji. Nilipokwenda mwezi uliopita, chupa hiyo ilikuwa dirishani, karibu na kikombe cha mtoto wake.

Mtoto akiinywa, watu watakimbilia kumtapisha, na kumtapisha ndiko kunakoweza kuipeleka mapafuni. Asitapishwe; akimbizwe hospitali na chupa yenyewe ibebwe.

Nilimwambia mpwa wangu yote haya. Alisikiliza kwa adabu, akasema, "Anko, tumeshaizoea." Nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya banda, pale ardhi inapoteremkia mtaroni. Mama lishe alikuwa ameinjika maharage mahali palepale nilipowasha jiko langu.

Tulilihamisha jiko lake siku hiyo, sote watatu, hadi upande wa juu, ng'ambo ya barabara. Nawe unayepuliza rangi mahali pengine, weka thina kwenye kopo la bati lenye mfuniko na jina lake, weka mchanga mlangoni, shika namba 114 ya Zimamoto kichwani. Na kabla hujafungua hilo kopo, toka nje uangalie jiko liko wapi.