Mlio wa Pikipiki ya Msikiti: Safari Fupi Kutoka Magomeni Hadi Gerezani

Msikiti wetu hapa Magomeni una pikipiki moja. Muumini mmoja aliitoa wakfu ili ifanye kazi tatu: kuwafikia wagonjwa, kupeleka taarifa za misiba na kumfikisha maalimu wa madrasa ya jioni kwa wanafunzi wake. Anayezijua Magomeni Mikumi, Kagera na Mapipa anafahamu kwa nini muumini huyo hakuchagua gari. Katika vichochoro vya nyuma ya nyumba zetu, penye kamba za nguo, majiko ya mkaa na watoto wanaocheza, gari hukwama kwenye kona ya kwanza. Pikipiki hufika mlangoni.

Wiki chache baada ya Ramadhani, pikipiki hiyo ilianza kutoa mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayegonga kucha juu ya sinia: tik, kimya, kisha tik. Injini ilipounguruma sana haukusikika. Ulisikika asubuhi mapema, baada ya Swala ya Alfajiri, mitaa ikiwa bado imetulia. Kijana anayeiendesha kwa kujitolea, ambaye riziki yake anaipata kwa bodaboda mchana, ndiye aliyetutaarifu wa kwanza. Nataka msomaji alishike hilo, kwa kuwa sisi tulilisahau upesi.

Fundi wa kwanza, kijiweni hapa hapa Magomeni, alisikiliza kwa muda mfupi akasema ni cheni ya taimingi, na kwamba injini lazima ifunguliwe. Tukaogopa gharama. Fundi wa pili akasema ni bearingi za gurudumu la nyuma. Tukanunua bearingi, zikafungwa, na tukarudi nyumbani na mlio wetu ule ule. Fedha ile ilikuwa ya sadaka ya Ijumaa, shilingi iliyotoka katika mifuko ya mama lishe na wachuuzi.

Fedha ya amana ikipotea bila matunda, nyoyo hutafuta wa kulaumiwa. Katika kikao cha kamati baada ya Isha, mmoja wetu aliuliza kwa sauti ya chini: je, kijana hakubadilisha kifaa kizima kwa kilichochakaa, akakitia kizima katika bodaboda yake? Hakuna aliyesema ndiyo, wala hakuna aliyekanusha. Mimi, katibu, niliyekaa miaka kadhaa katika chuo cha Kiislamu nikisoma adabu za ulimi na hukumu za ushahidi, nilichukua kalamu nikaandika katika rasimu ya muhtasari: "Ipendekezwe mwendeshaji abadilishwe." Usiku ule usingizi ulichelewa kuja.

Asubuhi ya Jumamosi nilimwambia kijana anipakie, twende Gerezani kwa mzee mmoja fundi aliyesifiwa na jirani yangu.

"Ustadh, wewe utakaa nyuma?" aliuliza.

"Nitakaa nyuma," nikamjibu. "Leo kazi yangu ni kusikiliza."

Tulivaa kofia ngumu sote wawili, tukatoka. Magomeni haikuzaliwa jana. Ni mtaa uliopangwa zama za ukoloni, miaka ya 1950, kwa ajili ya makazi ya Waafrika, na katika mtaa wa Ifunda ipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere katika harakati za kudai uhuru, ambayo leo ni makumbusho. Palipokuwa na nyumba za zamani za kota, sasa pana majengo ya ghorofa yaliyozinduliwa mwaka 2022. Mimi nimezaliwa na kukulia humu, lakini asubuhi ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuupita mtaa wetu kwa masikio kabla ya macho. Nilisikia chuma cha kukaangia chapati, redio ya kinyozi, mtoto akisoma Juzuu Amma dirishani. Na chini ya yote hayo: tik, kimya, tik.

Tulipoingia Barabara ya Morogoro, mabasi ya mwendokasi yalikuwa yakipita katika njia zao za katikati, ambazo pikipiki haziruhusiwi kuzikanyaga. Huduma ile ilipoanza mwaka 2016 baadhi yetu tulidhani zama za bodaboda zimekwisha. Hazikuisha, maana basi hukuacha kituoni, na mgonjwa yuko kichochoroni. Jina lenyewe la bodaboda lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwavusha abiria kutoka upande hadi upande. Hapa kwetu Tanzania kanuni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki na bajaji zilitoka mwaka 2010, na tangu hapo vijana wengi wa mitaa yetu wamezitegemea kwa chakula cha watoto wao.

Barabara inateremka kuelekea Jangwani, bonde la Mto Msimbazi. Kila mkazi wa Dar es Salaam analijua bonde hili kwa mafuriko yake. Mwezi Desemba 2011 maji yalileta msiba mkubwa, na familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Hadi leo mvua kubwa ikinyesha, njia hufungwa na mji hukatika vipande viwili. Asubuhi ile palikuwa pakavu. Katika mteremko nilimwambia kijana ashike klachi. Injini ikashuka sauti, ikawa inanguruma chinichini, gurudumu likaendelea kuzunguka. Mlio haukukoma.

"Umesikia, Ustadh?" akasema. "Kama ingekuwa injini, mlio ungebadilika nayo. Huu unafuata mwendo, haufuati moto."

"Ulimwambia fundi hivyo?"

"Nilimwambia. Akasema mimi dereva tu."

Nilinyamaza. Nilianza kuhisi kwamba niliyempakia tuhuma ndiye aliyekuwa na elimu niliyoitafuta.

Kutoka Jangwani tuliingia Kariakoo kwa mtaa wa Msimbazi. Wageni huduwaa wakielezwa kuwa jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, kilichopiga kambi hapa. Wengi wa wapagazi wale walikuwa Waafrika waliobeba risasi na chakula cha vita isiyo yao, na wengi walikufa kwa maradhi kabla ya risasi kuwafikia. Nadhani kwa namna fulani mtaa haujaacha kazi yake ya zamani. Bado ni mtaa wa wabebaji: mikokoteni, marobota ya vitenge kichwani, maboksi juu ya pikipiki hadi dereva haonekani. Soko kuu lililosanifiwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Biashara haikungoja majivu yapoe. Ilimwagika katika mitaa ya Mkunguni, Swahili na Sikukuu, kila mwenye meza akatafuta kivuli chake.

Katika msongamano ule tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Mlio, ambao barabarani ulikuwa haraka na wa kuchanganya, sasa ulikuja taratibu, nikaanza kuuhesabu kwa vidole kama ninavyohesabu tasbihi. Niligundua kuwa unakuja kila baada ya hatua saba hivi za mtu mzima, haupungui wala hauzidi. Kilichofichwa na kasi kilifichuliwa na foleni ya Kariakoo.

Adhuhuri ilitukuta karibu na Msikiti wa Manyema. Tuliswali jamaa, tukanywa maji, tukaendelea hadi Gerezani, ambako milio ya nyundo hushindana na sauti za wauza vipuri.

Mzee fundi tulimkuta ameketi juu ya tairi kuukuu. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Hakugusa spana. Aliuliza maswali kwanza, kama tabibu. Unalia ukiwa umesimama? Hapana. Unalia ukiongeza moto bila gia? Hapana. Unalia ukishika klachi njiani? Ndiyo. Nikamweleza hatua saba.

Akacheka kidogo. "Ustadh, umeshanifanyia nusu ya kazi."

Aliisimamisha pikipiki juu ya stendi ya katikati, injini imezimwa, gia ikiwa huru. Akachukua chaki, akaweka alama moja juu ya tairi la nyuma na nyingine juu ya kiungo cha cheni. Kisha akalizungusha gurudumu kwa mkono, polepole, akinionya nisisogeze vidole karibu na cheni. Alama ya tairi ikapita mara moja: kimya. Mara ya pili: kimya. Kabla haijatimia mara ya tatu: tik.

"Kama ni bearingi, au ringi imepinda, au breki inagusa," alisema, "ungeusikia katika kila mzunguko wa gurudumu. Huu unakuja mara moja katika karibu mizunguko mitatu. Kitu gani hapa kinazunguka polepole kuliko gurudumu?"

Kijana wetu alijibu kabla yangu: "Cheni."

Tukahesabu. Cheni ilikuwa na viungo 116, na sproketi ya nyuma meno 42. Ukigawanya, unapata kwamba gurudumu huzunguka mara mbili na robo tatu hivi ndipo cheni imalize duru yake moja. Hesabu na mlio vikapatana. Mzee akaipitisha cheni taratibu hadi akafika mahali kiungo kimoja kilipokataa kukunjika. Kilikuwa kimeganda kwa kutu, kimesimama mgongo kama ngamia. Kila kilipofika kwenye sproketi ndogo ya mbele kiliruka jino, na hapo ndipo kucha ilipogonga sinia.

"Nani anaiosha pikipiki hii?" mzee akauliza. "Inang'aa kuliko zote zilizopita hapa leo."

Nilijibu kwa fahari kidogo kwamba mimi ndiye ninayeagiza ioshwe kila Alhamisi jioni, kwa sabuni na pampu ya maji, ili ifike Ijumaa ikiwa safi, kwa kuwa ni mali ya nyumba ya Allah.

"Vyema. Na baada ya kuoshwa, nani anaipaka cheni mafuta?"

Nilimtazama kijana. Kijana alitazama chini. Ndipo nilipokumbuka daftari la maombi ya matumizi, ambalo huwa katika mkoba wangu. Nikalifungua pale pale, juu ya vumbi la Gerezani. Ombi lake la mafuta ya cheni lilikuwemo mara mbili, katika miezi miwili tofauti. Pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe, palikuwa na maneno mawili: "Si dharura."

Mzee alisugua kiungo kile kwa brashi na mafuta ya taa, akakikunja na kukikunjua mpaka kikalegea, akaifuta cheni yote, akaipaka mafuta, akarekebisha mkazo wake. Aliniambia kuwa siku ikizidi kuchakaa itabidi ibadilishwe pamoja na sproketi zake, lakini kwa sasa inatosha. Malipo aliyodai yalikuwa chini ya bei ya bearingi moja tuliyoinunua bure. Tukarudi Magomeni kwa njia ile ile, na chini ya kelele zote za mji hapakuwa na mlio mwingine.

Ndugu msomaji, ningeweza kuishia hapa na kukupa wosia wa ufundi, nao una faida kwa kila nyumba yenye pikipiki. Cheni isiyofunikwa ikioshwa, ikaushwe kwa kitambaa na ipakwe mafuta siku hiyo hiyo. Baada ya mvua, vivyo hivyo. Ipimwe upande wa chini, katikati: ichezecheze kiasi cha sentimita mbili hadi tatu, au kama kitabu cha pikipiki yako kinavyoelekeza. Ikikaza sana huumiza bearingi, ikilegea sana huweza kuchomoka njiani. Na unapoisafisha, zima injini, uzungushe gurudumu kwa mkono. Vidole vingi vimepotea kwa kupuuza hilo.

Lakini jambo lililonipeleka kuandika ni jingine. Surat Hujurat, katika aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na katika aya ya 12 inatukataza dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Nimeifundisha sura hiyo kwa watoto wa madrasa. Niliihifadhi ulimini, na sikuifikisha kikaoni. Mzee wa Gerezani, ambaye hakuniambia hata neno moja la dini, aliitekeleza kwa chaki: hakumtuhumu kifaa chochote mpaka alipopata ushahidi wake.

Katika kikao kilichofuata niliomba kusema kwanza. Nilisoma mstari nilioupendekeza, kisha nikasoma maombi yale mawili na maneno yangu pembeni. Nilimwomba kijana radhi mbele ya wale wale waliosikia tuhuma, kwa sababu tuhuma iliyosemwa mbele ya watu haisafishwi faraghani. Thamani ya bearingi nikairudisha katika mfuko wa msikiti kutoka mfukoni mwangu. Mwenyekiti akaagiza mafuta ya cheni yawe matumizi ya kila mwezi.

Nilimuuliza kijana kwa nini hakuomba mara ya tatu.

"Ustadh," alisema, "niliona nitaonekana natafuta pesa ya kamati."

Jibu hilo bado linanisumbua kuliko mlio wenyewe. Ndani ya nyumba zetu na misikiti yetu wamo wanaotuarifu kitu kidogo mara moja, mara mbili, kisha hunyamaza kwa kuchelea heshima yao. Huenda ni mke, huenda ni mtoto, huenda ni anayefagia ua. Allah atupe masikio ya kusikiliza mapema, na ujasiri wa kukiri tunapochelewa. Amin.