Redio ya setilaiti, gari langu na sauti ya nyumbani

Huku Jordbro tupo, tunamshukuru Mungu. Desemba ndiyo hiyo tena, jua linazama kabla ya saa tisa alasiri, mtu unajiona kama umeibiwa siku yako mchana kweupe.

Leo nataka nijibu swali la binamu yangu aliyeko Houston. Yeye ana redio ya setilaiti kwenye gari, na kingine kidogo cha nyumbani, anatamba nacho kila tukiongea. Anauliza, "Hivi nyie huko Ulaya hamna?" Nami nimeona nijibu hapa hapa ili na wengine mnufaike.

Jibu fupi: hatuna. Marekani kampuni ya XM ilianza mwaka 2001 na Sirius ikafuata 2002, na mwaka 2008 zikaungana. Wakati ule walitengeneza vile vidude vidogo: unakichomoa kwenye gari, unaingia nacho ndani, unakichomeka kwenye spika za jikoni na kipindi kinaendelea. Unalipa kila mwezi. Sauti inatoka angani, na mjini kwenye maghorofa kuna minara ya chini inayosaidia. Ulaya jambo hilo halikushika. Hapa Sweden watu wanasikiliza FM na simu zao basi. Jirani zetu Norway walizima FM ya taifa mwaka 2017 wakahamia redio ya dijitali, Wasweden wakasema sisi bado tupo tupo.

Lakini wadau, msidhani redio ya setilaiti ni ya Wamarekani tu. Sisi Afrika tuliipata KABLA yao! Mnaikumbuka WorldSpace? Mwanzilishi wake, Noah Samara, ni mzaliwa wa Ethiopia. Alikuwa akieleza kwamba kilichomsukuma ni kuona UKIMWI unavyoenea Afrika huku watu wakikosa habari za kujikinga. Mimi kama muuguzi hapo ananikosha kabisa. Setilaiti yao ya AfriStar ilirushwa Oktoba 1998 na matangazo yakaanza 1999. Redio zenyewe zilitengenezwa na Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo.

Mjomba wangu pale Chumbageni alikuwa nayo, walioingia sebuleni kwake wanaijua. Antena yake ilikaa dirishani, imeinuliwa juu upande wa magharibi, na sisi watoto tulikatazwa hata kupita karibu yake. Ukiisogeza kidogo tu, kimya! Maana setilaiti ile ilikaa juu ya mstari wa ikweta, kilomita kama 36,000 kutoka ardhini, na redio ilitaka kuiona moja kwa moja, pasiwe na ukuta wala mwembe katikati. Sasa fikirieni mimi huku kaskazini. Setilaiti ya aina hiyo ningeitafuta chini kabisa upande wa kusini, nyuma ya misonobari na maghorofa ya Jordbro. Kwenye gari linalokwenda ndiyo usiseme.

Sauti ilikuwa safi jamani, lakini vifaa vilikuwa ghali na baadaye idhaa nyingi zikataka malipo. Waliokusudiwa kusaidiwa ndio hao hao wasio na pesa. Oktoba 2008 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika, na redio ya mjomba mwishowe ikawa pambo la kabati. Ile ya mkulima ya betri mbili ikaendelea kuimba kama kawaida, teh teh teh.

Basi mimi natumia nini? Simu. Kwenye gari naiunganisha na spika za gari, nikifika nyumbani naiweka jikoni kwenye redio ndogo yenye spika yake, nakoroga ugali stesheni ikiwa ile ile. Kazi yangu sasa ni ya kuzungukia wagonjwa majumbani. Napanda barabara namba 73, natoka kwa mzee huyu naingia kwa bibi yule, kwa hiyo ndani ya gari nakaa sana. Asubuhi nasikiliza P4 Stockholm kwa ajili ya foleni na barafu barabarani, pia lugha inazidi kunyooka. Halafu nahamia kwetu. Majira ya baridi mmetutangulia saa mbili, kiangazi saa moja. Huku ikiwa saa tano asubuhi, kwenu ni saa saba mchana, taarifa ya habari.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema. Simu ikiita kutoka nyumbani, kabla sijasema haloo moyo unapiga kwanza. Nani anaumwa? Ada ya nani imekwama? Msinielewe vibaya, pigeni, nawapenda na nitapokea. Lakini redio haniulizi kitu. Inasema bei ya mahindi, inasema Simba na Yanga, inapiga taarabu, na mimi kwa dakika ishirini ninakuwa mtu wa Tanga kama watu wengine, siyo yule aliyeko nje.

Mama mkubwa aliyenilea alipofariki, Januari 2023, habari nilishazipata usiku kwenye WhatsApp. Tiketi ya haraka haikupatikana, na mazishi kwa desturi yetu hayangoji. Nikaenda kazini, maana kukaa peke yangu ndani kulinishinda. Saa tano nilikuwa nimeegesha nje kwa mgonjwa wangu wa kidonda cha mguu, redio iko kwetu, ukafika wakati wa matangazo ya vifo. Nikasikia jina lake. Msomaji akataja watoto mmoja mmoja, akasema "na mwanawe aliyeko Sweden". Kisha habari ziwafikie ndugu wa Pangani, Muheza na Korogwe.

Ndugu zangu, nilijua kila kitu tangu usiku, lakini pale ndipo nililia. Kumbe nilikuwa nimehesabiwa. Mji mzima umeambiwa kwamba marehemu ana mtoto mwingine, yuko mbali, na yeye ni mfiwa. Aliyeandika lile tangazo akakumbuka kuniweka, Mungu ambariki. Nikajifuta uso, nikaingia ndani. Yule bibi wa Kiswidi ana redio jikoni kama wazee wote wa huku. Akanitazama, akapunguza sauti, akaweka maji ya kahawa bila kuuliza. Nikamfunga kidonda chake, tukanywa kahawa kimya.

Nimalizie na ushauri kwa mlioko huku Sweden. Simu ni nzuri lakini mtandao ukikatika na umeme ukizimika, hakuna Tanga wala Stockholm. Novemba 2024 serikali ilianza kusambaza kijitabu majumbani kuhusu vita na majanga, na redio ya betri au ya kuzungusha mkono imo kwenye orodha ya vitu vya kuwa navyo. Mkisikia king'ora kile wanachokijaribu saa tisa alasiri Jumatatu ya kwanza ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, mjue kikilia siku nyingine bila kutangazwa, unaingia ndani, unafunga madirisha, unafungua P4. Mimi yangu ya kuzungusha iko kabatini pamoja na mishumaa. Binamu wa Houston, na wewe nunua, acha kutamba!

Na nyie mlioko nyumbani nina ombi moja tu. Nikipiga simu huwa nasikia mtu anakimbilia kuzima redio ili tusikilizane vizuri. Msizime jamani. Punguzeni kidogo tu, iacheni iendelee.

Nisalimieni wote, na bibi mwambieni dawa ya presha asiruke hata siku moja. Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.