Barua za Baba na Fundo la 3C 273

Socorro, New Mexico
Jumanne, 4 Februari 2014

Leo nimeshinda na picha za 1977 hadi 1980 za kwazari 3C 273, kiini king'avu cha galaksi ya mbali. Nimeweka rula juu ya fundo lililomo katika mchirizi wake wa redio. Ndani ya miaka 3 limesogea kama miakanuru 25. Nimepima tena na tena, jibu ni lile lile. Nuru yenyewe ingekwenda 3 tu! Profesa ametazama, akasema, "Chora pembetatu."

Alhamisi, 6 Februari

Nimechora hadi usiku wa manane. Tuseme fundo linakwenda kwa asilimia 99 ya mwendo wa nuru, likija upande wetu, limekengeuka nyuzi 10 tu. Kwa miaka 10 limetukaribia miakanuru 9.75 na kusogea kando 1.72. Nuru ya mwanzo ilitangulia, lakini fundo liliifuata mgongoni, kwa hiyo nuru ya mwisho inatufikia miezi 3 tu baada ya ile ya kwanza. Tunaona safari ya miaka 10 kwa miezi 3, na mwendo wake wa kando unaonekana karibu mara 7 ya mwendo wa nuru. Hakuna kilichoipita nuru. Mwanaastronomia Martin Rees alilieleza jambo hili 1966, kabla halijaonekana.

Jumapili, 9 Februari

Nimemkumbuka Baba, baharia. Akirudi Tanga, aliandika kila bandari. Barua za mbali zilipishana majuma kwa majuma; ya Aden na ya Mombasa zilifika siku moja, na kesho yake mwenyewe akapiga hodi. Mama alikuwa akisema, "Baba yenu anakimbizana na barua zake." Nyuma ya kila bahasha Mama aliandika siku iliyofika.

Jumatano, 12 Februari

Usiku huu madishi 10 ya redio, kila moja mita 25, yameielekea 3C 273 kwa pamoja, kutoka Mauna Kea hadi St. Croix, zaidi ya kilomita 8,000. Kila moja lina saa yake ya atomi, na linarekodi peke yake. Rekodi zitaoanishwa hapa Socorro. Mawimbi tunayoyapokea yamesafiri kama miaka bilioni 2.

Nimepiga mistari ya jedwali jipya daftarini. Safu ya kwanza: ilipotoka. Ya pili: ilipofika.