Dende wa Mwenyewe

Katika nyumba nyingi za Kivu, ukiingia jikoni jioni, utasikia mluzi mdogo karibu na mafiga. Ni dende. Mama akikata majani, wao hulia wakidai chakula chao. Watanzania huwaita simbilisi, Wafaransa huwaita cobaye. Ni wanyama wadogo, hawana mkia, hawapandi ukuta, wala hawamsumbui mtu. Kwa ajili ya udogo wao tulidhani kwamba kosa juu ya dende haliwezi kuwa kubwa. Leo tunataka kuwaeleza namna tulivyofundishwa vingine. Sisi ni mume na mke, tunakaa Bukavu, upande wa Kadutu. Kosa lilikuwa letu sote wawili, kwa hiyo tunaliandika pamoja.

Mnakumbuka mwaka 2021. Jumamosi tarehe 22 Mei, jioni, mlima Nyiragongo ulipasuka, na moto wake ukashuka upande wa Goma. Ulisimama ukingoni mwa mji, lakini nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuungua. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, na tarehe 27 Mei serikali ikaamuru watu wa mitaa mingi waondoke. Wengine walikwenda Sake, wengine Rutshuru, wengine walivuka mpaka wa Rwanda. Na wengine walipanda mashua, wakapita ziwani, wakafika kwetu Bukavu.

Masista wa jirani walipokea wageni kadiri ya nafasi yao. Kati ya hao palikuwa mama mmoja na binti yake wa miaka minane. Nyumba yao ilikwisha kuungua. Mama alibeba sufuria na mfuko wa nguo. Mtoto alibeba kikapu, na ndani ya kikapu, chini ya kitenge, palikuwa dende dume, wa rangi ya kahawia, mwenye paji jeupe na sikio moja jeusi. Katika vyote vilivyokuwa vya mtoto yule Goma, ni huyo tu aliyebaki.

Watu walipoanza kurudi mwezi wa sita, yule mama alirudi pia, akakaribishwa na ndugu zake. Lakini walikuwa watu wengi katika vyumba viwili, hata mahali pa kuweka kikapu hapakuwapo. Wageni wengine nao walikuwa wameacha dende wao. Hivyo masista walijikuta na dende kumi na tisa katika chumba cha kuni, na majani ya kuwalisha hayakutosha. Wakaomba Wakristu wenye nafasi waje kuwachukua, si kwa kununua, bali kwa kuwatunza.

Tulikwenda sisi pia. Tuseme kweli: hatukwenda kwa huruma. Tulikwenda kwa sababu tuliona nyama ya bure.

Sista mwenye kazi hiyo hakutupa dende mara moja. Alituuliza kwanza: tunakaa wapi, tuna paka, nani atakata majani, mvua ikinyesha watalala wapi. Tulicheka kidogo moyoni, maana maulizo yale yalikuwa mengi kama ya watu wanaotaka kufunga ndoa. Mwishowe alitupa majike wawili pamoja na yule dume mwenye paji jeupe. Akasema: «Majike hawa wenyewe wamewatoa, ni wenu, pamoja na wote watakaozaliwa. Lakini dume si wenu. Ni amana ya mtoto. Siku moja atakuja kumchukua.» Tukaitika: «Ndiyo, Sista.» Neno hilo ni rahisi sana kulitamka.

Kisha alitufundisha, nasi tunapenda kuwapa ninyi mafundisho hayo, maana yanafaa. Dende asikae peke yake. Ni mnyama wa kundi, akitengwa anasinyaa. Madume wawili wasiwekwe pamoja na majike, watapigana. Sakafu iwe kavu, na nyasi za kulalia zibadilishwe mara nyingi. Ukuta mfupi unatosha kuwazuia, lakini juu pafunikwe vema, kwa ajili ya paka na panya. Meno yao hayaachi kukua, kwa hiyo wanahitaji nyasi za kutafuna kila siku. Tena mwili wa dende, kama mwili wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mbuzi na kuku wanaweza, dende hawezi. Akilishwa pumba na nafaka kavu tu, anaugua viungo na kufa. Apewe majani mabichi kila siku, kama majani ya matembele, ya kabichi au ya karoti. Lakini yasiwe yameloa maji wala kuanza kuoza, maana tumbo lake litavimba.

Fundisho hilo la mwisho tulilipuuza. Mwezi wa tisa jike mmoja alizaa watoto watatu, na mwenzake wawili. Mimba ya dende huchukua miezi miwili na siku chache, na mtoto huzaliwa na manyoya yake, macho yamefunguka, na meno tayari kinywani. Kesho yake alikuwa anaguguna majani kando ya mama yake! Mtoto wetu wa miaka sita alikaa chini siku nzima akiwatazama. Lakini siku moja ya mvua tulitupa ndani majani yaliyoloa, kwa uvivu tu, na mmoja wa wale watano akafa. Mtoto wetu alimzika chini ya mti wa parachichi. Sisi tukasema: «Ni dende tu.»

Basi, mwezi wa kumi na moja shemeji alifika kutoka Walungu, usiku, bila kutuma habari. Ninyi mnajua desturi yetu: mgeni hapewi bugali na sombe tupu usiku wa kwanza. Mshahara ulikuwa umechelewa miezi miwili, na deni dukani lilikuwa limejaa. Tukatazamana. Wadogo walikuwa bado wadogo, na majike walikuwa na mimba tena. Akabaki dume. Mmoja wetu alisema: «Ni wa mtoto yule.» Mwenzake akajibu: «Tangu mwezi wa sita hakuna aliyemwuliza. Tukipata franka tutanunua mwingine.» Hatuwaambii ni nani aliyesema hili na nani lile. Tulipatana, hiyo ndiyo kweli. Tulimpika na nyanya na vitunguu. Shemeji alishukuru sana. Mtoto wetu hakula, akasema tumbo linamwuma.

Wapenzi, msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba kula dende ni dhambi. Dende walitoka Amerika ya Kusini, katika milima ya Andes, na watu wa kule wamewafuga kwa nyama tangu maelfu ya miaka. Katika kanisa kuu la Cusco, nchini Peru, ipo picha ya Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Marcos Zapata katika karne ya 18, na katika sahani mbele ya Bwana Yezu amelala mnyama mdogo aliyepikwa, ambaye wengi wanasema ni dende. Huku Kivu pia nyama hiyo imesaidia watoto wengi wasiokuwa na ng'ombe wala mbuzi. Mungu ametupa wanyama watufae. Dhambi yetu haikuwa katika sufuria. Ilikuwa katika lile neno, «Ndiyo, Sista.»

Juma la pili la Majilio, katika mkutano wa shirika letu, katekista alieleza habari ya nabii Natani na mfalme Daudi, katika Kitabu cha pili cha Samweli. Mnaijua: tajiri mwenye kondoo wengi alipata mgeni, lakini hakuchinja wake, alichukua kondoo mmoja wa maskini, aliyelelewa nyumbani kama mtoto, akampikia mgeni. Daudi alikasirika juu ya tajiri huyo, asijue kwamba anajihukumu mwenyewe. Katekista hakujua habari zetu. Jirani zetu walikuwa wanatikisa kichwa juu ya ubaya wa tajiri. Sisi tulitazama chini. Maisha yetu yote tulijihesabu kuwa maskini katika mfano ule. Kumbe hata maskini anaweza kuwa tajiri yule, ikiwa amempata mtu mdogo kuliko yeye.

Tulikwenda kuungama, kila mtu peke yake. Padri alitupa maondoleo, lakini alituambia kwamba kilichoibwa lazima kirudishwe au kilipwe. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini hapo shetani alitujia kwa mlango mwingine. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2022 habari ikafika: yule mama amepata nyumba ndogo ya mbao, anakuja Bukavu na binti yake, watamchukua dende. Tukaenda sokoni Kadutu, tukazunguka asubuhi nzima, tukapata dume wa kahawia mwenye paji jeupe. Sikio jeusi hakuwa nalo. Tukaambiana: «Miezi saba imepita. Mtoto husahau.»

Usiku ule, taa ilipokwisha kuzimwa, mtoto wetu aliuliza gizani: «Kesho yule dada akiniuliza dende wake yuko wapi, mimi niseme nini?»

Hatukumjibu. Tulilala kimya, kila mmoja akijua kwamba mwenzake hajalala. Kuiba tulikuwa tumekwisha kuiba. Sasa tulikuwa karibu kumfundisha mtoto wetu uongo, na kumfanya mtoto wa watu asiamini macho yake mwenyewe. Kabla ya jua kutoka tulikuwa tumepatana tena, na safari hii tulipatana vema.

Walipofika, tuliwaketisha, tukasema yote mbele ya Sista. Mama alinyamaza. Mtoto hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu: «Alilia?» Baba akajibu: «Ndiyo, alilia.» Hapo machozi yakamtoka mtoto, akageuza uso ukutani. Tuliweka mbele yao dende wanne, kwa kumkumbuka Zakayo aliyerudisha mara nne. Mama aliwapokea na kushukuru kwa adabu. Mtoto hakuwatazama. Alipotoka hakutupa mkono, nasi hatukustahili kupewa. Sista alitusindikiza mpaka mlangoni, akasema: «Mmelipa deni la mama. La mtoto mtamwachia Mungu.» Neno hilo tunalo mpaka leo.

Tangu siku hiyo tumempenda Mtakatifu Martino wa Porres. Alizaliwa Lima, katika nchi ileile ya Peru, mwaka 1579. Baba yake alikuwa Mhispania, na mama yake mwanamke mweusi aliyekombolewa utumwani. Alikuwa bradha wa Wadominiko, akahudumia wagonjwa na maskini, na wanaeleza kwamba alihurumia hata mbwa, paka na panya wa nyumba yao. Papa Yohane wa 23 alimtangaza mtakatifu tarehe 6 Mei 1962. Katika picha zake ana ufagio mkononi, na miguuni pake wanyama wanakula pamoja. Mtu aliyezaliwa na kudharauliwa hakudharau kiumbe chochote kilichokuwa chini yake. Sisi tulifanya kinyume chake.

Vita vilipofika Bukavu mwezi wa Februari 2025, jirani yetu alikimbia na watoto wake. Alituachia ufunguo, na dende wake sita jikoni. Benki zilifungwa, kazi zilisimama, na siku nyingine tulikula mara moja tu. Jioni wale sita walilia mluzi wao, nasi tulisikia njaa. Kila siku mtoto wetu alikwenda kukata majani kando ya njia, akayaanika kidogo umande ukauke, akawapelekea. Hatukuwagusa. Hatusemi hivyo kwa kujisifu; tulikuwa tumelipa ada ya somo hilo, tena kwa machozi ya mtoto wa mwingine.

Basi, ndugu wapenzi, ukipewa dende au mbuzi wa kutunza, au hata mtoto wa ndugu yako, usiulize kwanza thamani yake sokoni. Uliza ni wa nani, na anamwonaje. Kitu kidogo machoni pako huenda ni chote alichookoa mwenzako katika moto. Na kama umekwisha kukila, usitafute mwingine wa kufanana naye. Nenda ukaseme kweli. Mungu, aliyetuwekea viumbe vyake mikononi, atatuuliza siku moja habari za amana yake. Tumwombe atusaidie tuwe na jibu, sisi na watoto wetu.