Ukoka

Mwanangu, bibi yangu aliyenilea hapa Pujini, Pemba, alikuwa na maadui wawili: tumbili na ukoka. Tumbili aliwafukuza kwa makelele na mawe. Ukoka alipambana nao kwa jembe, ameinama katika shamba la muhogo kabla jua halijatoka, anaung'oa pingili kwa pingili na kuutupa juu ya jiwe kubwa lililokuwa karibu na mlango ili ukauke, maana ukisahau kipande kimoja tu ardhini, mvua ya kwanza kinakuchipukia kama vile hukufanya kazi. Kwa hiyo utaelewa nilivyoduwaa mwaka 1958, nilipopanda jahazi Wete kwenda Mombasa, kijana wa miaka kumi na minne, nikakuta watu wazima wenye ndevu wanalipwa mshahara ili waulee ukoka ule ule. Wanaunywesha maji, wanaulisha mbolea, wanaukata kwa mashine kila asubuhi, na magugu mengine yakithubutu kuuingilia wanapiga magoti kuyang'oa kwa kisu. Wazungu wanauita bermuda, jina la kisiwa cha mbali huko Atlantiki, na kumbe asili yake ni huku kwetu.

Mjomba wangu alikuwa akiuza kahawa karibu na kivuko cha Likoni, ndiye aliyenipeleka. Kiwanja cha gofu cha Mombasa kilianzishwa mwaka 1911, kina mashimo tisa, nacho kimelala juu ya majabali upande wa Ras Serani, bahari ikipiga chini yake. Ukiupiga mpira wakati wa kusi na hujui kuukadiria upepo, umeshawapa samaki. Nilianza kwa ukedi. Kubeba mfuko mzunguko mmoja nilipata shilingi moja, na nikiangukia bwana mkarimu, shilingi na thumni. Hamri moja wakati huo ni senti tano, na kikombe cha chai ni ile senti kumi yenye tundu. Mipira iliyopotea tuliiokota miambani maji yakipwa tukawauzia wenyewe walioipoteza, nao walijua na sisi tulijua kwamba wanajua. Kunguru nao walikuwa washindani wetu, waliibeba wakidhani mayai. Harufu ya asubuhi za pale sijaipata tena mahali pengine: nyasi mbichi iliyokatwa, petroli, chumvi, na moshi wa mihogo ya kuchoma ukitokea barabarani.

Aliyenitoa katika ukedi akanitia katika nyasi ni mzee wa Kidigo, midomo myekundu kwa tambuu, jicho moja lina chamba. Tulimwita Mzee, basi. Hakujua kusoma, lakini kila asubuhi kabla ya kufungua maji alitia kidole katika ndoo, akalamba, akafumba jicho lake zima kama anayesikiliza redio. "Nyasi si ng'ombe," aliniambia, "hazinyweshwi jua la utosi." Maji ni alfajiri, ukoka unywe kabla jua halijauwahi. Na kulamba kulikuwa na sababu. Chini ya Mombasa ni mwamba wa matumbawe wenye matundu kama sifongo, na udongo juu yake pengine haufiki shibiri. Maji ya mvua yakishuka humo hukaa juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi. Ukichota kwa ndoo, kidogo kidogo, unapata matamu. Ukitia pampu ukavuta kwa pupa, chumvi inapanda kutoka chini na kisima kinakugeuka.

Hilo nililijua kwa masikio kabla sijalijua kwa macho. Wakati wa ukame wa 1961 nilikuwa nimehamia kiwanja kingine, jina naliacha, kosa lilikuwa langu. Msimamizi alisema bomba tuliache, tuvute kisimani, na mimi nikapewa zamu ya usiku. Pampu ile ilikuwa na mngurumo mzuri wa usingizi. Nikaiwasha, nikajilaza juu ya gunia, ikavuta mpaka asubuhi. Na kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Sikulamba hata siku moja. Siku ya nne grini tatu, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, zilikuwa rangi ya mkeka mkuukuu. Mzee alipopata habari alikuja kwa miguu, hakupiga kelele, alichuma jani moja akanipa nilitie ulimini. Lilikuwa chumvi tupu, kama shavu la mvuvi. Nilikatwa mshahara, na haki yao. Kilichoniokoa ni mvua za mwishoni mwa mwaka ule ule, zile za mafuriko ambazo wazee wa Kenya hawajazisahau mpaka leo. Zilivunja madaraja na kuzamisha mashamba ya watu, na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama uwanjani nimelowa chepechepe nikifurahi kwamba zinaosha chumvi. Ukoka ukarudi. Bibi angekwambia haukuwa umekwenda popote.

Mwaka 1967 nilikwenda Nairobi kusaidia matayarisho ya mashindano ya Kenya Open, yale ya kwanza kabisa, pale Muthaiga. Nilivaa sweta la kuazima. Huko nikakuta nyasi nyingine, ya Kikuyu, nene, laini kama godoro la sufi, inayopenda baridi na udongo mwekundu, na ambayo ukiileta pwani inasononeka. Wenzangu wa Nairobi walilalamika mno: fuko wanachimba, matope yanaziba mashine, nyasi inakua mbio kuliko mkono wa kuikata. Nikawasikiliza kama maskini anayemsikiliza tajiri akisimulia uzito wa mfuko wake. Taabu yao ni nyasi kukua, yetu ni nyasi kuishi. Kedi mmoja wa Uganda akatushinda sote. Alisema kwao Jinja mpira ukiingia katika unyayo wa kiboko, sheria ya kiwanja inakuruhusu kuutoa bila adhabu. Tulimcheka, na kumbe ni kweli tupu.

Sijakwambia habari za Unguja. Pale Mnazi Mmoja, mbele ya Makumbusho ya Amani, wakati wa Sultani kulikuwa na gofu na kriketi juu ya ardhi ambayo zamani ilikuwa ikifikiwa na maji ya bahari. Nilipita pale baada ya Mapinduzi, nikaona magoli ya mpira na watoto wa Ng'ambo wanakimbia peku. Kwa jicho la kazi yangu niliona jambo moja tu: nyasi ya mpira inavumilia chumvi na nyayo, ya grini haivumilii kimoja wala cha pili. Ardhi ile ilikuwa imepumzishwa.

Nilirudi upande wetu mwaka aliouawa Mzee Karume, 1972, na baada ya muda nikapata kazi Dar es Salaam, kwenye kiwanja kile cha mashimo kumi na minane kilicho karibu na bahari. Pale grini hazikuwa kijani hata kidogo. Zilikuwa brauni: mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, ukashindiliwa ukawa mgumu na mweusi. Mchezaji akitaka kuusukuma mpira shimoni, kedi anaburuta ubao kwanza kumsawazishia njia, na akimaliza unabaki mstari kama nyoka amepita. Jioni nilinuka gereji, mke wangu alinivua nguo nje ya mlango. Lakini nakwambia, kwa akili ya kutunza kiwanja mahali pasipo na maji matamu, sijaona werevu kuupita huo. Brauni hainywi, hailiwi na viwavi, haiombi mbolea. Ilikuja vita ya Kagera, ikaja miaka ya foleni za sukari na sabuni, Jumapili alasiri magari hayaruhusiwi kutembea ili mafuta yapatikane, vipuri vya mashine ni hadithi. Visu vya mashine tulinoa mpaka vikawa vyembamba kama wembe, kisha tukafyeka kwa mkono. Brauni zikaendelea kama kawaida. Mwaka 1978 nilisikia redioni kwamba kijana wa Hispania, Ballesteros, ameshinda Kenya Open. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka uliotangulia, na mimi nikajiuliza Mzee wangu wa Kidigo kama bado yuko hai na nani anamlambia maji.

Sasa nimezeeka nimerudi Pujini. Asubuhi natembea mpaka kwenye magofu ya Mkama Ndume, yule mtawala wa karne ya 15 ambaye wazee wanasema aliwafanya watu wabebe mawe huku wanakokota makalio. Ndani ya boma lake kuna kile kisima ambacho hadithi yake unaijua: wake wawili wenye wivu, akawajengea ukuta katikati, mmoja anateka kwa ndoo na kamba, mwingine anashuka kwa ngazi, wasionane. Nikikaa pale nafikiri kwamba yule bwana, kwa ukatili wake wote, alijua jambo ambalo wenye viwanja wengi walijifunza kwa hasara: anza na maji. Mpwa wako amenionyesha kwenye simu kiwanja kipya cha Unguja, mashimo tisa kando ya bahari upande wa Kama, na kingine cha Vipingo, kwenye yale mashamba ya katani kusini ya Kilifi. Kijani kinachong'aa mpaka macho yanauma. Nimemuuliza maji yanatoka wapi, amesema hiyo haikuandikwa.

Na jiwe la bibi bado lipo karibu na mlango, unakaa juu yake kila ukija. Mwaka 1962 nilipokuja kwa msimu wa karafuu, nilibeba kipande cha ukoka wa grini, upana wa sinia, ule wa majani membamba kama nywele. Nilikifunga katika gunia bichi, nikakipa maji yangu ya kunywa jahazini, usiku nikakilaza upande usiorukiwa na mawimbi. Nilikipanda mbele ya nyumba alfajiri, nikakishindilia kwa kiganja kama nilivyofundishwa, nikaenda kuchuma. Niliporudi magharibi, mikono inanuka karafuu, pale mahali palikuwa peupe, pamelimwa na kufagiliwa. Ukoka wangu ulikuwa juu ya jiwe, mizizi juu, umeshanyauka. Bibi alikuwa anakuna nazi, hakuinua hata uso.

"Maskini mjukuu wangu," alisema. "Yaani Mombasa yote ile, hawana jembe?"