Benchi la Lagos



Juma lililopita tuliketi na vijana wetu chini ya mwembe, wakisubiri jua lipungue ili waanze mazoezi. Kwa kutaka kuwachangamsha tukawauliza ni mtu gani wa hapa Korogwe aliyepata kuipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Afrika. Wakatajwa wachezaji wa Simba, wakatajwa wa Yanga, akatajwa hata Mbwana Samatta, ambaye sote twajua kwamba si wa kwetu. Tulipolitamka jina la Joel Bendera, mmoja wao akauliza, "Baba Paroko, si yule aliyekuwa Mkuu wa Mkoa?"

Ndiye. Alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, kisha Manyara, na kabla ya hapo alikuwa mbunge wetu wa Korogwe Mjini tangu 2005 hadi 2010, na Naibu Waziri aliyeshughulika na michezo. Alifariki dunia Desemba 2017. Lakini kabla ya vyeo hivyo vyote alikuwa kocha wa mpira, na jambo la ukocha wake ndilo tunalotaka kulizungumza juma hili. Hatukuwauliza vijana swali lile bure. Tulikuwa na deni moyoni, nalo tutalieleza hapo mbele.

Mwaka 1979 sisi tulikuwa bado hatujazaliwa; tunayoyajua tumeyapokea kwa wazee na kwa kusoma. Nchi ilikuwa imetoka vitani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili mwaka huo, na hazina ya taifa ilikuwa imechoka kama askari waliorudi. Katika hali hiyo Taifa Stars iliingia kutafuta nafasi ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 1980, zilizokuwa na nafasi nane tu kwa bara zima. Ilianza na Mauritius, ikafungwa ugenini mabao 3-2, ikalipa nyumbani kwa 4-0. Kisha ikapangwa na Zambia.

Zambia ile haikuwa ya kuchezewa. Mwaka 1974 ilikuwa imefika fainali yenyewe ya kombe hilo. Agosti 1979 vijana wetu waliifunga bao 1-0 Dar es Salaam, ushindi mwembamba ambao mtu husafiri nao akiushika kwa mikono miwili kama yai. Marudiano yalikuwa Ndola, katika uwanja uliobeba jina la Dag Hammarskjöld, yule Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ambaye ndege yake ilianguka karibu na mji huo mwaka 1961. Zambia wakapata bao. Hesabu ikawa moja kwa moja, uwanja mzima ukiwa upande mmoja. Dakika zilikuwa zinayoyoma Peter Tino aliposawazisha, na Tanzania ikafuzu fainali hizo kwa mara ya kwanza.

Televisheni haikuwapo Bara siku hizo. Watu walikuwa na Radio Tanzania na mawazo yao. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, aliyekuwa mkata mkonge wakati huo, hutusimulia kwamba kambini kwao redio ilikuwa moja, na betri zake zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kufika dakika ya tisini. Tino alipofunga, mwenye redio alitimua mbio nayo kuelekea shambani kwa furaha, na wenzake wakamkimbiza wakimsihi asimame, kwani mpira ulikuwa haujaisha nao walitaka kusikia mwisho wake. Tumeisikia simulizi hii mara nyingi, na kila mara mbio za mwenye redio huongezeka urefu. Hatumlaumu mzee wetu.

Kazi ya kocha katika safari ile haikuwa kupanga watu kumi na mmoja tu. Wachezaji walitoka katika vilabu vilivyokuwa havisalimiani: Simba, Yanga, na Pan African, iliyozaliwa na mgogoro wa Yanga wa miaka hiyo ya 1970. Kuwaketisha watu wa namna hiyo katika meza moja ya chakula, kisha kuwafanya wapasiane mpira mbele ya umati wa ugenini, ni utumishi ambao paroko yeyote mwenye kwaya mbili ataufahamu bila kuelezwa. Bendera aliufanya, naye alikuwa kijana bado.

Sasa tusogee hadi Machi 1980, Lagos. Pale ndipo tunapokwama kila tunapolitafakari jambo hili. Kocha mkuu katika fainali zile alikuwa Mpolandi, Slawomir Wolk. Bendera alikuwa msaidizi wake, pamoja na Ray Gama. Mtu aliyeivusha timu Ndola aliingia uwanja wa Lagos akiwa nyuma ya mtu mwingine.

Mashindano yenyewe yalikuwa magumu. Tarehe 8 Machi Stars ilifungua dimba na wenyeji Nigeria, ikafungwa 3-1, bao letu likiwa la Juma Mkambi. Ikafungwa na Misri 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast; mabao yote mawili ya michezo hiyo aliyafunga Thuwein Ally. Pointi moja, na safari ya kurudi nyumbani. Nigeria wakalitwaa kombe kwa kuwafunga Algeria 3-0. Ikatuchukua miaka 39, hadi 2019 kule Misri, kuonekana tena katika fainali hizo, na pale tulipoteza michezo yote mitatu. Kwa hiyo ile pointi moja ya Lagos ilikaa peke yake muda mrefu, ikizeeka kama picha ya harusi ukutani.

Zamani tuliposoma habari za benchi lile tuliona uchungu kwa niaba ya mtu wa kwetu. Tulisema moyoni: amelima, amepalilia, na siku ya mavuno amepewa kazi ya kushika gunia. Hatutamsemea marehemu alichokihisi. Tunachokiona ni kwamba alikwenda. Angeweza kubaki Dar es Salaam na heshima yake ya Ndola, na hakuna ambaye angemshangaa. Alikwenda, akaketi mahali alipopangiwa, akafanya kazi.

Wasomaji wa Matendo ya Mitume watakumbuka kwamba Barnaba ndiye aliyefunga safari hadi Tarso kumtafuta Sauli, akamleta Antiokia. Mwanzoni majina yao huandikwa Barnaba na Sauli. Kurasa chache mbele yanageuka, Paulo anatangulia. Mwandishi hasimami kutueleza Barnaba aliipokeaje siku ile. Tulipokuwa seminarini tulipita juu ya mgeuko huo bila kuuona. Tumeanza kuuona tulipoanza kuwa na cha kunyang'anywa.

Basi deni letu ni hili. Timu ya vijana wa parokia ilifundishwa kwa miaka mitatu na mwalimu wa shule ya msingi, muumini wetu. Alikuja na filimbi yake mwenyewe. Aliwalipia baadhi yao nauli, na mwaka jana aliifikisha timu kwenye fainali ya dekania, jambo lisilopata kutokea. Baada ya fainali hiyo, msamaria mmoja wa mjini alijitolea jezi, mipira na jozi kumi na nane za njumu, akashauri timu ipate kocha mwenye cheti. Halmashauri ya walei ikaona ni shauri jema. Sisi pia tukaona hivyo, tukatia sahihi.

Kosa halikuwa sahihi. Kosa lilikuwa namna tulivyomwambia Mwalimu: tukiwa tumesimama mlangoni pa sakristia baada ya Misa ya pili, watu wakipita, mkono mmoja tumeshika joho tulilokwisha kulivua, kwa dakika zisizofika tatu. Alijibu, "Sawa, Baba," akaondoka. Jumanne iliyofuata alikuja mazoezini kama kawaida, akateka maji kisimani, akaketi mwisho wa benchi na ndoo yake. Nasi, Mungu atusamehe, tulidhani anafanya mgomo wa kimya ili kutuaibisha. Tukakaa na dhana hiyo wiki tano.

Mtu asije akadhani tunasema kwamba kubadilisha kocha ni dhambi. Tazameni yaliyotokea juzi juzi. Hemed Suleiman, ambaye wengi humwita Morocco, aliipokea Taifa Stars katikati ya fainali za Januari 2024 kule Ivory Coast, kocha mkuu Adel Amrouche aliposimamishwa. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa na nani? Zambia. Simon Msuva alitangulia kufunga, na safari hii wao ndio waliosawazisha dakika za mwisho, kwa kichwa cha Patson Daka. Ndola imelipwa, ingawa imechelewa kidogo. Novemba 2024 Hemed aliivusha timu tena kwa kuifunga Guinea 1-0, ikafuzu fainali za Morocco. Mwaka mmoja baadaye, kabla ya fainali hizo kuanza, nafasi yake ikachukuliwa na Miguel Gamondi wa Argentina. Tulinung'unika, kwani ilikuwa Lagos ileile imerudi. Lakini timu ikafika hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yake. Haikuwa imeshinda mchezo hata mmoja, ila sare mbili zilitosha. Tungesema nini?

Hata huyu kocha wetu mpya anajua kazi. Vijana wanakaba vizuri zaidi, na wameacha kumzonga mwamuzi. Laiti angekuwa mbaya tungejua la kufanya.

Alhamisi jioni tulikwenda nyumbani kwa Mwalimu, ng'ambo ya reli. Alikuwa akisahihisha madaftari chini ya taa ya barazani. Mkewe akaleta chai na mihogo, nasi tukasema tulichokwenda kusema, kwamba tulimkosea, si kwa uamuzi bali kwa mlango ule na dakika zile. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu nyekundu. Kisha akanyamaza kiasi cha kututia hofu.

"Baba," akasema, "yule kijana anayecheza kushoto, kocha amemhamishia kulia. Goti lake la kulia liliumia mwaka juzi, na kulia anageuka vibaya. Mimi nikisema itaonekana naingilia. Mwambie wewe."

Tukamwuliza kwa nini basi anakuja kila Jumanne, kama anaogopa kuonekana anaingilia. Akaonekana kushangaa. Akasema yule mtoto wa goti hanywi maji asipolazimishwa, na wengine wawili huja bila kula, hivyo lazima awepo mtu anayewajua. Akaongeza kwamba ndiyo, wiki ya kwanza alilala vibaya. Wiki ya pili pia. Hakutaka kulizungumza zaidi ya hapo, akatusindikiza hadi barabarani akiulizia tarehe ya nusu fainali, kwani hana budi kuomba ruhusa mapema kwa mwalimu mkuu wake.

Tulimfikishia kocha habari za goti, tukimtaja aliyetuambia. Jumamosi kijana yule alianza upande wa kushoto. Wakati wa mapumziko tulimwona kocha akitembea hadi mwisho wa benchi, akachuchumaa karibu na ndoo ya maji, wakazungumza mpaka mwamuzi alipopiga filimbi.

Nusu fainali itachezwa hapa kwetu Jumapili ijayo, saa kumi alasiri. Wenye uwezo wa kuchangia chakula cha wageni wamwone katibu wa vijana. Orodha ya wachezaji na ya benchi la ufundi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na makocha walioandikwa safari hii ni wawili.