Safari ya Miguu, Tanga Hadi Pangani

Wasomaji wenzangu, katika likizo ya Desemba iliyopita nalifanya safari kwa miguu kutoka Tanga mjini hadi Pangani, kwa njia ya pwani. Baadhi yenu mmekwisha pita huko kwa basi, nanyi mwajua ya kuwa ni kilomita 50 tu hivi. Lakini mimi nalikwenda kwa miguu pamoja na mjomba wangu na mkewe, na ilibaki kidogo niwapoteze wote wawili. Mhariri ameniomba niandike habari za likizo yangu. Basi nitaandika kweli, ingawa kweli yenyewe hainipambi.

Mjomba wangu ni fundi seremala huko Njombe. Aliondoka pwani akiwa kijana wa miaka 20, na sasa ana miaka 46. Huko bara ndiko alikooa. Mkaza mjomba ni mzaliwa wa kule kule milimani penye baridi, na kabla ya Desemba ile hakupata kuiona bahari ila katika picha. Bibi yangu, ambaye ni mama yao mjomba na mama yangu, alifariki mwaka jana, akazikwa Pangani siku ile ile. Mjomba hakuwahi mazishi, na jambo hilo lilimkaa moyoni.

Sasa, Bibi alikuwa akitusimulia mara nyingi jinsi yeye na Babu walivyooana mjini Tanga mwaka 1964, na jinsi fedha zote zilivyoishia katika harusi, hata hawakubaki na nauli. Wakaenda kwao Pangani kwa miguu. Babu alijitwika sanduku la bati, na Bibi akachukua mkeka na sufuria. Mjomba akanuia kuitembea njia ile ile yeye na mkewe, wakiwa na mashanta mgongoni, mpaka kaburini, akamsomee mama yake dua.

Jioni waliyofika nyumbani kwetu, Mjomba aliuliza, "Nani atatuonyesha njia? Mimi nimeisahau." Kabla mama hajafumbua kinywa, nikajibu, "Mimi nitawapeleka, Mjomba. Mimi mtoto wa pwani."

Hilo lilikuwa neno la majivuno. Tangu kidato cha kwanza nimekaa bwenini, mbali na bahari, na kabla ya hapo nalikuwa mtoto wa mjini. Bahari niliyoijua ni ile ya Raskazone tunakokwenda kuogelea siku za sikukuu. Pangani nalikuwa nimekwenda mara nyingi, lakini kwa basi, na mara nyingi nalikuwa nimelala.

Twaliondoka alfajiri, kila mtu na shanta lake. Penye mikoko mingi pwani haipitiki, kwa hiyo mara tulitembea mchangani, mara tulipanda njia ya ndani kati ya minazi. Watu wa vijijini walitustaajabia sana. Wamezoea kuwaona Wazungu wakitembea na mashanta, lakini si watu kama sisi. Mzee mmoja alituuliza tunauza nini. Mwingine alidhani sisi ni watu wa kuhesabu kaya. Mjomba alipowaambia ya kuwa tunatembea tu, walicheka. Lakini alipotaja jina la mama yake, na habari ya kaburi, waliacha kucheka, wakatupa madafu.

Mkaza mjomba alivua viatu mapema, akaingia majini mpaka vifundoni, akachota maji kwa kiganja akayaonja. "Kumbe ni chumvi kweli!" akasema, tukacheka. Alikuwa na maswali mengi. Kwa nini mizizi ya mikoko imesimama nje ya tope? Nikamweleza ya kuwa topeni hakuna hewa ya kutosha, basi mizizi ile huivuta hewa kutoka juu. Na mkonge huu wote umetoka wapi? Nikamweleza ya kuwa Mjerumani mmoja aitwaye Richard Hindorf ndiye aliyeuleta mwaka 1893, na ya kuwa miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kila nilipojibu alinisifu, nami kichwa kikazidi kuvimba.

Jioni tukafika Tongoni. Hapo pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa na nguzo za mawe, ingawa nguzo nyingi zimeanguka. Nikawasimulia ya kuwa mwezi wa Aprili mwaka 1498 jahazi moja la Vasco da Gama, jina lake São Rafael, lilikwama fungu la mchanga karibu na hapo, likakaa pakavu mpaka maji yalipojaa yakaliinua. Na Januari mwaka 1499, waliporudi kutoka Bara Hindi, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, wakalichoma moto jahazi lile lile kwa kukosa watu wa kuliendesha.

Tukalala kwa mzee mmoja aliyemjua Babu. Usiku huo mwezi mpevu ulitoka baharini kama sinia la shaba. Mkaza mjomba akauliza kwa nini maji hujaa na kupwa. Nikasimama kama mwalimu, nikaeleza yote tuliyofundishwa katika Jiografia: jinsi mwezi unavyoyavuta maji, na jinsi mwezi unapokuwa mpya au mpevu jua nalo huvuta pamoja nao, na maji yakajaa kupita kiasi. Nalisema hayo huku nikiutazama mwezi mpevu kwa macho yangu mawili. Kisha nikaenda kulala.

Asubuhi tulichelewa kuondoka, kwa kuwa Mkaza mjomba alikuwa ametoka malengelenge miguuni. Yapata saa tano tukaona maji yamepwa mbali mno, na huko mwambani wanawake wameinama, kila mmoja na kijiti chake, wakichokoa pweza. Mchanga ulikuwa mgumu na mpana kama uwanja wa mpira, tukatembea kwa raha.

Saa nane tukafika mahali ambapo mkono wa bahari umeingia ndani kati ya mikoko. Upana wake haukuzidi hatua 60. Wale wanawake walikuwa wamekwisha vuka kuja upande wetu, vikapu vichwani. Mmoja wao, bibi kizee, alisimama.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwenda wapi?"

"Kigombe."

"Rudini mkapite juu. Maji yanaingia."

"Twajua, bibi," nikajibu.

Akanitazama. "Leo mwezi ngapi?"

Nikamjibu kwamba ni mwezi wa kumi na mbili. Wale wanawake wakaangua kicheko. Yule bibi hakucheka. Alisema, "Mwezi kumi na tano, mjukuu wangu," akaenda zake.

Naliona haya mbele ya Mjomba. Maji ukingoni yalikuwa ya magotini tu. Kurudi juu barabarani kungalikuwa mwendo mrefu, tena kungalikuwa ni kukiri ya kuwa sijui. Nikasema, "Tukifanya haraka tutavuka." Mjomba akanitazama, akamtazama mkewe, asinene neno. Tukaingia, mimi mbele.

Wasomaji, sikujua ya kuwa saa ya tatu na ya nne tangu maji kuanza kujaa ndizo saa ambazo huingia kwa kasi kuliko zote. Katikati maji yalifika kiunoni, kisha kifuani, nayo yalivuta kuelekea ndani kama mto uliogeuka. Chini palikuwa na tope. Nikajitupa nikaogelea. Ndipo niliposikia kelele nyuma yangu. Mkaza mjomba alikuwa ameteleza, shanta limejaa maji likimlemea, na Mjomba amemshika mkono, naye mwenyewe anachukuliwa.

Nami nitaandika jambo ambalo ningependa lisiandikwe. Nalisikia kelele ile, wala sikugeuka. Naliendelea kuogelea mpaka miguu yangu ikakanyaga mchanga wa upande wa pili. Hapo ndipo nilipotazama nyuma.

Waliowaokoa ni wale wanawake. Walirudi mbio, wakafunga kanga zao pamoja, mwisho kwa mwisho, na mmoja wao mwenye nguvu akaingia mpaka kifuani akautupa mwisho wa kanga kwa Mjomba. Mkaza mjomba akavua shanta, likachukuliwa na maji mikokoni pamoja na sufuria na chakula chetu chote. Wakavutwa hata ukingoni. Nilipotaka kuwarudia, yule bibi alinipigia kelele, "Usiingie! Zunguka juu, ushike barabara!"

Basi nikawa peke yangu upande huu, na wao upande ule, na maji kati yetu yakizidi kupanuka. Naliwaona wamemlaza Mkaza mjomba mchangani, naye anatapika maji. Nalimwona Mjomba ameshika kichwa. Hakuna mtu aliyenitazama. Nikazunguka mikoko ile, nikitota na kuchomwa na miiba, mpaka nikaipata barabara, na hata nilipofika kijijini kwa yule bibi ilikuwa magharibi imekwisha pita.

Nalitazamia kupigwa, au kufukuzwa. Mjomba alikuwa ameketi barazani. Nikapiga magoti, nikasema, "Mjomba, nalisema najua, nami sikujua. Tena nalisikia kelele, nisigeuke."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nimezaliwa pwani. Nilipoyaona maji yale moyo wangu uliniambia turudi. Lakini miaka 26 ya bara imenisahaulisha, nikaona haya kusema mbele ya mtoto ya kuwa sina hakika."

Mkaza mjomba, aliyekuwa amelala mkekani amefunikwa kanga ya watu, akasema kwa sauti ndogo, "Nami nalijua ya kuwa hujui, baba, tangu yule bibi alipokuuliza mwezi. Lakini nalisema moyoni, nikimuuliza nitamwaibisha mbele ya mjomba wake."

Hivyo tulikuwa watu watatu, na kila mmoja alijua ya kuwa njia haijulikani, na kila mmoja alinyamaza. Juu ya kuogelea kwangu bila kugeuka hakuna aliyesema neno, wala hawajasema mpaka leo. Hilo nalichukua mimi.

Usiku ule tulikula wali wa nazi na pweza, na yule bibi akatufundisha. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, ni siku za bamvua. Hapo maji hupwa sana yapata saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa sana saa kumi na saa kumi na moja jioni. Mwezi nane na mwezi ishirini na tatu, maji ni mafu, hayapwi sana wala hayajai sana. Kila siku saa zake huchelewa kidogo, karibu dakika 50. Katika Tanga kupanda kwa maji ya bamvua hupita mita 3, yaani zaidi ya kimo cha mtu aliyembeba mwenzake mabegani pasipo kunyosha shingo. Mambo haya nalikuwa nayo yote katika daftari langu. Yule bibi hakupata kusoma darasa hata moja, lakini yeye hutazama juu kabla ya kuingia majini.

Tukapumzika siku nzima, kisha tukashika njia tena. Kila tulipofika penye maji, Mkaza mjomba ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtafuta mtu wa kumwuliza, bila haya yoyote. Kigombe wavuvi walitusimulia juu ya silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu miaka milioni 65, mpaka mwaka 1938 aliponaswa hai Afrika Kusini. Pwani hii ya Tanga naye amenaswa mara nyingi, na kwa ajili yake ilianzishwa hifadhi ya bahari mwaka 2009. Nalisikiliza tu. Sikueleza kitu.

Safari ya siku tatu ikawa ya siku tano. Tulifika Pangani alasiri, tukaenda makaburini moja kwa moja kabla ya kwenda nyumbani. Mjomba akasoma dua, sauti ikamkatika kati. Mkaza mjomba akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo, akasema, "Mama, tumefika. Kwa miguu."

Wenzangu wa kidato cha nne, Novemba tutafanya mtihani, na huenda tukaulizwa kwa nini maji hujaa na kupwa. Nitalijibu swali hilo. Lakini mimi nimekwisha ulizwa swali lingine, jepesi kuliko hilo, nikalishindwa. Nawashauri, mtu akikuuliza njia usiyoijua, mwambie "sijui." Ni neno fupi, na halijamzamisha mtu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na pia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na ukimwona mwenzako anaongoza na moyo wako una shaka, usimnyamazie kwa heshima.

Sasa kila jioni kabla ya kengele ya prepo husimama nje ya bweni nikautazama mwezi, nikaandika siku yake nyuma ya daftari. Rafiki zangu hunicheka, kwa kuwa hapa shuleni hakuna bahari. Leo ninapoandika haya ni mwezi nane. Huko Tongoni maji ni mafu.